Kiti Kilichomkataa Paroko

Vijana wangu, Jumapili ya Kristo Mfalme mlinizingira pale nje ya kanisa kana kwamba nimeiba sadaka. Yule mrefu wenu mwenye miwani akaniuliza mimi bibi yenu, "Cucu, si ati sisi huku hatujawahi kuwa na mfalme? Tulikuwa tu na wazee wa baraza. Sasa mtu anajitayarishaje kupokea mfalme na hajawahi ona hata mmoja?" Mlicheka sana. Mimi nilikohoa, nikasema nitawajibu siku nyingine, nikaenda zangu kutafuta chai.

Leo nawajibu, na mnivumilie kwa sababu nitazunguka kidogo. Mimi si katekista. Mimi ni fundi wa makochi aliyestaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu. Maisha yangu karibu yote nimewatengenezea watu wa Nyeri mahali pa kukalia, kwanza nyuma ya soko nikiwa mwanafunzi wa Mzee Kabugi, kisha kwenye kibanda changu mwenyewe kule Skuta. Ndiyo maana nikisikia neno mfalme, mawazo yangu hayaendi kwenye taji. Yanaenda kwenye kiti. Najiuliza kina springi za aina gani, na nani ameinuliwa ili yeye apate kuketi.

Majilio, zile wiki za kungojea Krismasi, kwenu ni mishumaa ya zambarau na nyimbo za taratibu. Kwangu yalikuwa majira ya kugombana. Mara tu Novemba ikielekea kuisha, Nyeri nzima inagundua kwa pamoja kwamba makochi yake yamechakaa. Simu zinaanza. "Mama Makochi, nataka kabla ya Krismasi." "Mama Makochi, wageni wanatoka Nairobi." Zamani mtu alikuja kibandani, akashika kitambaa kwa vidole, tukaelewana. Siku hizi anakutumia picha ya kochi la mtu tajiri wa ng'ambo, anasema fanya kama hii, na sebule yake mwenyewe haiwezi kumeza hata mguu mmoja wa kochi hilo.

Na fundi akishamaliza kazi, kochi linafanywaje? Linafunikwa nailoni. Juu ya nailoni vinawekwa vitambaa vilivyofumwa na kupigwa pasi. Watoto wanaambiwa atakayelikalia atakiona. Nyumba nyingi nilizopeleka makochi, wenyewe walikuwa wakila jikoni kwenye stuli huku sebule ikimngojea mtu asiyejulikana. Nimecheka mambo haya miaka mingi, na kwangu nyumbani nailoni ilikuwepo.

Mzee Kabugi, aliyenifundisha kazi, alikuwa mtu mfupi mwenye kifua kipana, na misumari midogo ilikaa mdomoni mwake tangu asubuhi. Aliitema mmoja mmoja kwenye nyundo ya sumaku, pa, pa, pa, bila kuangalia. Siku moja mteja mnene alikuja kujaribu kochi lake, akajitupa kwa madaha, suruali ikapasuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee Kabugi hakuweza kucheka na misumari mdomoni, na hakuweza kuitema mbele ya mteja. Alisimama pale machozi yakimtiririka, na yule mteja akamshukuru kwa kumwonea huruma. Mafundi wa siku hizi wana stepla ya upepo, wanaweza kucheka wakitaka.

Lakini jambo kubwa alilonifundisha ni hili: usifungue kiti kabla ya kukisoma. Kabla ya kung'oa msumari hata mmoja, alipiga magoti mbele ya kiti, akakipapasa, kisha akakikalia macho yakiwa yamefumbwa. Mkono wa kiti ukiwa umelika upande mmoja, mwenyewe huusukuma huo anapoinuka. Sehemu ya kichwa ikiwa na weusi, huyo hulala baada ya chakula cha mchana hata akikataa. Ukingo wa mbele ukiwa umebonyea peke yake, hapo huketi mtu mwenye wasiwasi, au mgeni ambaye hajawahi kukaribishwa vizuri. Na kiti kikizama upande mmoja, mwenyewe ana nyonga inayomuuma na hajamwambia mtu. Ndani tulikuta vijiko, rozari, na siku moja meno ya bandia, ambayo mwenyewe alikuwa ameyatafuta hadi kwenye banda la ng'ombe.

Sasa njooni Mukurweini.

Miaka si mingi iliyopita, parokia moja kule ilikuwa imepata paroko mpya, Padre Njogu. Jumuiya moja ya waumini ikapangiwa Misa ya nyumbani katika wiki ya mwisho ya Majilio, na nyumba iliyochaguliwa ikawa ya Wangui. Huyu Wangui alikuwa mteja wangu wa siku nyingi, mama mwenye ng'ombe wa maziwa, kahawa na migomba, na sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Mume wake alikuwa akifanya kazi mbali, hivyo boma lote lilikuwa mikononi mwake, pamoja na baba mkwe wake, Guka Murage, babu wa watoto wake. Alimtunza mzee vizuri, hilo niliseme mapema msije mkamhukumu. Nguo zake zilikuwa safi, na uji wake haukuwahi kupoa.

Akanipigia simu. "Mama Makochi, niko na kiti moja ya mbao ya zamani, ile nzito. Nataka uifanye iwe kama ya mfalme. Velveti nyekundu, na hizo misumari za kung'aa kama dhahabu. Father hawezi kalia sofa kama watu wote."

Nilikwenda na pikapu ya jirani kukichukua. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi, madirisha yanang'aa, vitambaa vimesimama wima kwa wanga. Kiti chenyewe kilikuwa cha mwerezi, kipana, kitambaa kimeisha rangi. Nikapiga magoti, nikakipapasa. Upande wa kushoto ulikuwa umezama sana. Mkono wa kulia ulikuwa umelika hadi mbao ikawa laini.

"Wangui, nani hukaa hapa?"

"Ni ya Baba. Lakini nimemwekea mahali jikoni, huko kuna joto. Hapa anamwaga uji, na unajua vile nimesafisha."

Nikaenda jikoni kunywa chai. Guka Murage alikuwa kando ya moto, amekalia kile kistuli cha chini cha kukamulia ng'ombe, magoti yamekaribia kidevu. Mzee mrefu kama yule! Kando yake palikuwa na mfuko mkubwa uliofungwa zipu.

"Fundi, umekuja kuchukua kiti?"

"Ndiyo, Guka."

"Ni sawa. Mgeni ni mkubwa." Akasukuma ukuni. "Mimi Krismasi nitakuwa Mwea kwa msichana wangu Wanjira. Bwana yake atakuja na gari hiyo siku ya Misa. Nitakaa huko tu."

"Mwea, Guka? Na mbu?"

Kila mtu alijua kwamba Guka Murage aliwahi kwenda Mwea kumtembelea binti yake, akarudi kabla chupi hazijakauka kwenye kamba, akisema mbu wa kwenye mpunga wana ukubwa wa kuku. Aliwaogopa kuliko alivyomwogopa shetani.

Hakucheka. Akaniita kwa jina langu, polepole, "Wairimu, kiti yangu ikienda, mimi nabaki hapa nikifanya nini?"

Nikaweka kikombe chini. Nilipotoka nilimwambia Wangui kwamba mzee anasema anahamia Mwea.

"Ni yeye amesema. Abadilishe hewa kidogo."

"Lakini unajua ni kwa nini?"

"Mama Makochi," akasema, akiwa tayari ameshika sampuli ya velveti, "wewe shona kiti, nyumba yangu uniachie mimi."

Basi nikapakia kiti kwenye pikapu. Fundi huingia nyumba nyingi, na ukianza kutengeneza ndoa na ukoo pamoja na makochi utakosa kazi.

Kule Skuta nilikifungua kile kiti. Vijana wangu, pembeni, pale mkono wa kiti unapokutana na kalio, yaani sehemu ya kuketia, mlikuwa mmejaa karatasi za peremende. Nyekundu, kijani, za manjano, zimesukumwa chini kwa kidole zisionekane. Mzee alikuwa akiwapa wajukuu peremende kwa siri wakiwa wamempandia mapajani, na ushahidi anauficha chini ya makalio yake. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona uchungu. Mwaka ule watoto wale wangeimba Noeli na mapaja ya babu yao yako Mwea.

Nikafikiri nitafanya nini. Kazi niliyopewa ilikuwa kunyoosha kile kiti, springi zisimame sawa, mtu yeyote mheshimiwa akae wima. Nikaanza hivyo. Kisha nikasimama. Nikajiambia, mteja ameagiza kiti cha mfalme, lakini hakutaja jina la mfalme.

Nikabadilisha. Upande wa kushoto nikauinua kwa sponji ngumu, ile nzito tunayowekea wagonjwa, ili nyonga inayouma ipate kupumzika. Kulia nikaweka laini. Kalio lote nikaliinua juu ili mwenye magoti mabaya asizame. Mkono wa kulia nikaujaza imara kwa ajili ya kusukuma. Juu yake nikavuta velveti nyekundu hadi ikatulia kama maji ya ndoo, nikapiga misumari ya kung'aa ukingoni kote. Kwa macho kilikuwa kiti cha kifalme kweli. Nikakikalia macho yakiwa yamefumbwa, nikateleza kwenda kulia. Nikajua nimefaulu, na nikaanza kuogopa. Wangui akikasirika, kufikia jioni Karatina wangekuwa wameshasikia kwamba mimi ni fundi bandia.

Siku ya kukipeleka, mvua ilikuwa imenyesha, na pikapu ikakwama kwenye ile kona ya mwisho kabla ya kwa Wangui. Kijana wa bodaboda akasema yeye atakibeba. Akakifunga nyuma kwa mipira. Nikamwuliza, na mimi? Akasema, "Mama, si ukae tu ndani? Utashikilia kiti isicheze."

Basi nikapanda. Nikapanda kilima cha Mukurweini nikiwa nimeketi juu ya velveti nyekundu, juu ya pikipiki, nimeshika mikono yote miwili ya kiti, kitambaa cha kichwa kikipeperuka. Watoto wakatoka kila boma wakikimbia nyuma yangu, "Mfalme! Mfalme amekuja!" Wakina mama waliokuwa wakipeleka maziwa waliweka mikebe chini ili wacheke vizuri. Na mimi huko juu nilikuwa na wazo moja tu, kwamba nikianguka nitavunjika kiuno. Nikifikiria wakubwa wote ninaowaona kwenye viti vyao, nadhani nao huwaza hivyohivyo.

Wangui aliimba alipokiona. Akakifunika nailoni papo hapo, na mimi niliyefika nikiwa nimekikalia nikaambiwa nisikiguse. Akanialika kwenye Misa.

Siku yenyewe jumuiya ilijaa sebule hadi uani. Mkwe wa Guka, mume wa Wanjira, alikuwa amefika na gari lake kutoka Mwea, anasubiri mlangoni kwa sababu alikuwa Mprotestanti na aliogopa kuchelewa kurudi. Ule mfuko wa zipu ulikuwa umeshatolewa jikoni, umewekwa kando ya mlango wa sebule. Guka mwenyewe alisema atasikiliza Misa akiwa jikoni.

Padre Njogu alikuwa mtu wa tumbo la kiasi na uso wa kucheka. Wangui akaondoa ile nailoni mbele ya watu wote, nasi tukapiga makofi. Padre akaketi. Akateleza kulia. Akajivuta katikati, tukaanza wimbo. Akateleza kulia. Wakati wa masomo alikunja mguu, akakunjua, akashika mkono wa kiti kama mtu aliye kwenye mteremko. Kwaya ikaanza kuimba kwa mabega kutikisika. Wangui akanitazama, na macho yake yakaniambia kwamba leo nitarudi Nyeri bila nywele.

Ulipofika wakati wa mahubiri, padre alisimama upesi sana.

"Ndugu zangu, hii kiti imenikataa."

Watu wakaangua kicheko. Akangoja wamalize, akageuka kwa Wangui.

"Mama, hii kiti ni ya nani?"

"Ni yako, Father."

"Hapana. Iko na mwenyewe. Ananisukuma tangu nikalie."

Nilimwona Wangui akitazama ule upande wa kushoto, akitazama mkono wa kulia, na nadhani hapo ndipo alipomwona mzee wake ameketi pale miaka yote. Sauti yake, ile ya kuvuka mto, ikatoka ndogo.

"Ni ya Baba."

"Na yuko wapi?"

"Jikoni."

Wangui hakumtuma mtu. Aliingia jikoni mwenyewe, na kwa kuwa ukuta ni wa mbao, tulisikia yote.

"Baba, kuja. Padre anakuita."

Tukasikia kukuru kakara za mtu anayejaribu kuinuka.

"Haiya! Baba, tangu lini huwezi kuinuka peke yako?"

"Tangu uniweke hapa chini."

Wangui alitokea amemshika mzee mikono yote miwili, akitembea kinyumenyume kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea, na uso wake ulikuwa umelowa. Akamgeuza, akamkalisha. Guka Murage akashuka kwenye ile velveti, nyonga ya kushoto ikapokelewa, mkono wa kulia ukapata mahali pake. Akabaki wima bila kuteleza. Akafumba macho, akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu nilipobeba kiti chake.

Padre Njogu naye akaenda jikoni, akarudi na kile kistuli cha kukamulia. Akaketi chini kando ya Guka, kanzu na tumbo na vyote, magoti yakikaribia masikio. Akasema kwamba mfalme tunayemngojea alipokuja alikuta watu wamejaa na nafasi hakuna, akalazwa kwa mifugo, kwa hiyo hicho kistuli kina harufu anayoifahamu. Akasema wengi wetu tunamwandalia mahali kwa kumwondoa mtu, naye huenda akakaa na yule aliyeondolewa. Akasema amina. Mahubiri yalikuwa mafupi hivyo, Mungu ambariki.

Baada ya Misa Wangui alinijia na kikombe cha chai. Nikajitayarisha. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Mama Makochi, wewe ni mtu mbaya sana," akasema, kisha akanikumbatia hadi chai ikamwagika juu ya vitambaa vyake vya wanga, na hakugeuka kuvitazama.

Sasa wewe mrefu mwenye miwani, jibu lako ni hili. Sijui wafalme wa kweli walikaaje, kwetu hatukuwa nao, uko sawa. Lakini najua kutayarisha mahali pa mtu. Majilio haya osha madirisha, paka rangi, na ukitaka kochi jipya nitakuonyesha kijana mzuri niliyemfundisha. Halafu tembea hadi jikoni uone ni nani amewekwa kwenye stuli, umwulize tangu lini hawezi kuinuka. Huyo mkishamketisha vizuri, mwenye sikukuu atapata pa kukaa. Mimi nilirudi Skuta jioni ile nikaitoa nailoni yangu, nikamwita jirani yangu ambaye sikuwa nimeongea naye tangu tulipogombana juu ya kuku, tukala mandazi juu ya kochi langu zuri.

Nilikuwa sijamaliza ya kwa Wangui. Tulipokuwa tukinywa chai, gari la Mwea lilipiga honi nje. Guka alifumbua macho, akautazama ule mfuko mlangoni, akaweka mkono wake wa kulia tayari kusukuma. Wajukuu walikuwa wameshampandia mapajani, na mmoja alikuwa na kitu kitamu shavuni.

Wangui alikwenda mlangoni, akauinua mfuko. Niliona mzee akikaza mkono. Lakini Wangui hakutoka nje. Aliuweka mfuko miguuni pa mzee, akapiga magoti, akafungua zipu mbele yetu sote, akatoa blanketi, akamfunika mzee miguu pamoja na wale watoto, akalisukumia vizuri upande wa kushoto. Kisha akapaza ile sauti yake ya kuvuka mto:

"Mwambie Wanjira aje Krismasi huku! Na alete mchele!"